Mlafi Aliyeanza Kurudisha

Katika karakana yetu kiyoyozi ni kimoja, na hakikununuliwa kwa ajili ya binadamu. Kilinunuliwa kwa ajili ya mashine ya kupimia, kwa sababu mashine ile ikipata joto husema uongo. Sisi wengine tukipata joto tunajipepea kwa vipande vya boksi na kuendelea kusema kweli, kwa hiyo hatukuonekana kuwa na shida.

Chumba chenye kiyoyozi ni cha shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye mpimaji. Sisi wa nje tunatengeneza kebo za redio, zile zinazotoka kwenye redio na kupanda mlingoti mpaka kwenye antena. Kazi yangu mimi ni kuvisha vichwa. Namenya kebo, nachomea pini, nakaza kichwa, kisha nampelekea shangazi. Yeye anaifunga kwenye mashine, mashine inatuma mawimbi ndani ya kebo, halafu inasikiliza ni mangapi yanarudi. Kebo nzuri hairudishi kitu. Kebo mbaya inarudisha, kama mtoto aliyetumwa chumvi dukani akarudi na maneno.

Lakini mashine nayo haizaliwi na akili. Kila asubuhi lazima ifundishwe upya, na mwalimu wake ni vipande vitatu vidogo vya chuma vinavyokaa ndani ya kisanduku. Kisanduku pamoja na vipande vyake tunakiita seti. Shangazi alivipa vipande vyake majina. Cha kwanza ni Mlango Wazi, cha pili ni Mlango Uliofungwa, na hivi viwili vinarudisha mawimbi yote, kila kimoja kwa namna yake. Cha tatu ni Mlafi. Mlafi anameza kila anachopewa. Mashine ikishaonjeshwa vyote vitatu inajua kurudisha yote kukoje na kutorudisha kitu kukoje, na hapo ndipo inaweza kukaa kitako kuhukumu kebo za watu.

"Huyu ni kama mume wangu wa kwanza," shangazi aliniambia siku niliyoanza kazi, akimshika Mlafi kwa ncha za vidole. "Chochote utakachompa, hutakiona tena."

Tofauti ni kwamba mume yule alifukuzwa, na Mlafi alitunzwa. Kila asubuhi alifutwa kwa kitambaa laini chenye spiriti, akapulizwa, akafutwa tena. Alikazwa kwa spana yake mwenyewe ambayo haikuruhusiwa kukaza kitu kingine. Nimemwona shangazi akiacha chai ipoe kwa ajili ya Mlafi. Sijamwona akiacha chai ipoe kwa ajili ya mtu.

Sasa nimtaje Shemeji. Shemeji ni kaka wa mke wa bosi, na karakana nzima inamwita Shemeji, hata mimi ambaye sijaolewa popote. Ni kama vile wote wanavyomwita shangazi yangu Shangazi. Karakana yetu ni ya ukoo, hata kwa sisi tusio na hisa ya ukoo. Meza ya Shemeji ilikuwa chini ya bati, upande ambao jua la mchana huegemea mpaka linapozama, na cheo chake kilikuwa mauzo. Ni mtu mwenye maswali mengi ya kitaalamu. Maswali hayo yalimjia jua likiwa utosini, na hayakuweza kujibiwa mahali pengine popote isipokuwa ndani ya chumba cha vipimo, mlango ukiwa umefungwa. Aliuliza, akajibiwa, akauliza tena lilelile. Jua likipoa, na elimu ilimtosha.

Siku moja Mama Mlingoti alirudisha kebo zetu. Huyu ni mteja wetu mkubwa, mwanamke anayesimamisha milingoti ya redio na kuipanda mwenyewe, na jina alilibeba bila kinyongo. Alizimwaga kebo mlangoni pa mapokezi kama mtu anayerudisha nyoka. Alisema amezijaribu kwenye milingoti yake na zote zinarudisha mawimbi. Shangazi akazichukua, akazipima mbele yake, na mashine ikachora mstari wake chini kabisa, umelala kama maji ya ndoo. Hazirudishi kitu. Mama Mlingoti akasema zinarudisha. Bosi, kwa nia njema kabisa, akauliza kama labda mlingoti wenyewe ndio umepinda. Mama Mlingoti alimtazama kwa namna iliyomfanya bosi mwenyewe anyooke.

Ili kutuliza mambo, bosi alimchukua akamwonyesha kabati lake la kioo.

Lazima nilieleze kabati hili. Liko mapokezi, mkabala na mlango, na bosi huweka humo kila kitu ambacho ni kizuri mno kutumika. Kuna mkasi uliokata utepe siku ya kufungua karakana. Haujakata kitu tangu siku hiyo. Kuna kalamu ambayo bado imo ndani ya nailoni yake. Na katikati, juu ya kitambaa chekundu, kuna kipande kidogo cha chuma chenye cheti. Kipande hiki kilipimwa na ofisi ya vipimo yenyewe, na cheti kinasema kinarudisha kiasi gani cha mawimbi, kwa tarakimu, kwa muhuri. Kilinunuliwa ili mara kwa mara tuhakikishe kwamba mashine yetu haijapotoka. Ila bosi alipoona kwamba kinang'aa, na kwamba kinajua ukweli kiasi kile, aliona si vyema kiguswe-guswe.

Mama Mlingoti alikiangalia, akaguna, akasema atarudi.

Shemeji naye hakulala. Baada ya siku chache aliingia na sanduku la ngozi, ndani lina mahameli, na kwenye mahameli kumelala seti mpya kutoka ng'ambo, aliyoipata kwa rafiki. Vipande vitatu, vinang'aa kama meno ya bandia. Akatangaza kwamba tatizo la karakana ni seti ya Shangazi, imezeeka, na kwamba yeye kama mtu wa mauzo anaumia kuona wateja wakirudi na kebo. Sijui aliumia wapi. Kwa macho yangu alikuwa amesimama karibu kabisa na mlango wa chumba cha vipimo, pale upepo wa baridi unapotokea kwa chini.

"Kipya kinyemi," akasema, akapiga-piga sanduku.

"Ingawa kidonda," shangazi akammalizia, bila kuinua macho kwenye kebo aliyokuwa akiifuta.

Bosi wetu anapenda sana maamuzi, mradi yawe yameamuliwa na kitu kingine. Akasema seti zishindanishwe. Itakayoonekana bora ndiyo itakuwa seti ya karakana, na ile nyingine iende kwenye banda la kufungashia, ikae huko kama akiba. "Na mwenye seti akae na seti yake," akaongeza. "Popote itakapokuwa. Nisisikie tena kelele."

Bosi aliridhika na hekima hiyo. Sisi tulimwangalia shangazi. Banda la kufungashia liko nyuma, halina dirisha, na hewa yake ni vumbi la maboksi. Shangazi ana kifua. Aliwahi kufanya kazi kule kabla ya kujifunza kupima, na siku aliyotoka hakutoka kwa miguu yake, alibebwa. Alikuwa hajaingia tena, hata kuchukua kamba alinituma mimi. Kwa hiyo wakati Shemeji alikuwa anashindania ubaridi, shangazi alikuwa anashindania pumzi. Alimchukua Mlafi akamfuta mara nyingine, ingawa alikuwa ameshafutwa.

Shindano lilifanyika ndani ya chumba cha vipimo, na siku hiyo kila mtu alikuwa na sababu ya kuhudhuria. Hata watu wa banda la kufungashia walikuja, wakasimama chini ya kiyoyozi na kupanua kola za mashati. Mama Mlingoti naye alirudi kama alivyoahidi. Akakalia roli la kebo, lile gurudumu kubwa la mbao linalozungushiwa kebo, maana viti vilikuwa vimeshachukuliwa na mashabiki.

Kanuni aliitunga bosi. Kila mshindani aifundishe mashine kwa seti yake, kisha apime vipande vya seti yake, tuone kama ni vizuri.

Shangazi alijaribu kumweleza. "Bosi, mtoto ukimfundisha wimbo, halafu ukamwambia aimbe wimbo uleule, ataimba tu. Hata kama wimbo ni mbovu."

Bosi akasema hakuna ubaya mtoto akiimba.

Basi Shemeji akaifundisha mashine, akapima Mlafi wake, na mstari ukalala chini kabisa. Safi. Akageuka na kutuangalia kama mtu aliyefunga bao. Shangazi akaifundisha mashine kwa seti yake, akapima Mlafi wake, na mstari ukalala palepale. Safi vilevile. Ilikuwa kama kumwuliza kila mama mkwe amweleze mwanawe. Bosi alifurahi, akasema kwamba karakana yetu imebarikiwa seti mbili bora, na kama si suala la nani atakaa wapi angefunga kikao hapohapo.

Kwa kuwa suala lilikuwepo, akatunga kanuni ya pili. Kila mmoja apime Mlafi wa mwenzake.

Hapo ndipo heshima ilipotoka chumbani. Mashine ikiwa imefundishwa na seti ya shangazi, ilisema Mlafi wa Shemeji anarudisha mawimbi. Ikiwa imefundishwa na seti ya Shemeji, ilisema Mlafi wa shangazi ndiye anayerudisha. Mashine ni ileile, waya ni uleule, kiyoyozi ni kilekile. Shemeji akasema nyani haoni kundule. Shangazi akasema hilo ni kweli, na kwamba nyani wengine wana makundu mapya. Mtu mmoja wa kufungashia akacheka mpaka akakohoa. Bosi akapendekeza tuchukue Milango ya seti moja na Mlafi wa seti nyingine, tuzioanishe kama ndoa, amani ipatikane. Alikuwa anaandaa pendekezo jingine pale Mama Mlingoti aliposema kutoka juu ya roli lake:

"Mechi yenu haina refa?"

Bosi akasema refa ni yeye.

"Wewe ni mwenye uwanja. Refa ni yule uliyenionyesha kwenye kioo."

Nilimwona bosi akiingiwa na hofu ambayo hakuwa nayo tangu asubuhi. Alieleza kwamba kipande kile hakijawahi kutumika. Mama Mlingoti akasema ndiyo sababu kinafaa. Bosi akasema kikitumika kitachakaa. Mama Mlingoti akajibu kwamba kebo zake yeye zimeshachakaa na bado hazijakaa mlingotini hata wiki, na kwamba mjini kuna karakana nyingine zinazovisha vichwa. Bosi akaenda kutafuta ufunguo wa kabati. Alikuwa ameuweka mahali salama, salama kiasi kwamba hata yeye hapajui. Baada ya droo zote kumwagwa, Shemeji aliomba bisibisi yangu, akafungua bawaba za mlango wa kioo, na mlango mzima ukatoka na kufuli lake likiwa bado limefungwa kwa uaminifu.

Kipande cha cheti kikaletwa juu ya kitambaa chake chekundu. Bosi alishika cheti kwa mikono miwili na kutusomea tarakimu kwa sauti ya hukumu.

Shangazi alitangulia. Akaifundisha mashine kwa Milango yake na Mlafi wake, akafunga kipande, akakikaza kwa spana yake, akasoma skrini. Halafu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa, akasoma tena. Skrini haikubadilika kwa ajili ya miwani. Tarakimu haikuwa ile ya cheti. Haikuwa mbali sana, lakini haikuwa yenyewe. Aliitamka kama ilivyo, na bosi akaiandika kwenye kiganja.

Akaja Shemeji. Akafundisha, akafunga, akasoma, na tarakimu yake ilikuwa mbali zaidi. Tulidhani amesoma vibaya, bosi akasogea na kusoma mwenyewe. Ilikuwa vilevile. Seti mpya, ya ng'ambo, ya mahameli, ilikosea kuliko ile kuukuu.

Kelele zilizolipuka pale zilikuwa za furaha halisi. Bosi akasema ya kale ni dhahabu, kana kwamba ndivyo alivyosema tangu mwanzo. Watu wa kufungashia walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, ingawa mkono mmoja ulikuwa na bisibisi. Shemeji alianza kukusanya vipande vyake, polepole, kama mtu anayekunja kitanda cha hospitali. Mama Mlingoti peke yake hakupiga makofi.

"Kwa hiyo mshindi ni aliyekosea kidogo," akasema. "Na kebo zangu zipimwe na huyo."

Bosi alikuwa anampongeza shangazi kwa kumshika bega. Shangazi hakuwa anamsikiliza bosi. Alikuwa anaangalia kona ya juu ya skrini.

Nikaangalia na mimi. Pale kwenye kona huwa kuna maneno madogo ambayo nimeyaona kila asubuhi nikipeleka kebo: ni jina la seti ambayo mashine inaamini inafundishwa nayo. Seti hazifanani maungo. Mlango wa hii ni mrefu kidogo, wa ile ni mfupi kidogo, na mashine lazima iambiwe ni ya nani kabla haijafundishwa. Jina lililokuwa pale kwenye kona lilikuwa la seti ya shangazi. Lilikuwa pale tangu asubuhi. Shemeji hakulibadilisha, kwa sababu hakujua kwamba linabadilishwa. Seti yake ilikuwa imekimbia mbio zote hizo ikiwa imevaa viatu vya mwenzake, na sisi tulikuwa tumeipigia makofi kwa kuchechemea.

Hakuna mwingine aliyeona. Bosi alikuwa anatafuta jinsi ya kurudisha mlango wa kabati lake. Shemeji alikuwa anafunga sanduku. Shangazi aligeuza shingo akaangalia mlango wa nyuma uliokuwa wazi, na kule uani mlango wa banda nao ulikuwa wazi, na vumbi la maboksi lilikuwa linaelea kwenye mwanga kama lina kazi maalumu. Sitaki kujifanya malaika. Nilimwomba Mungu amfunge shangazi mdomo.

"Bosi," shangazi akasema, "hii seti ya Shemeji haijapimwa."

"Imepimwa, Shangazi. Umeshinda. Unataka nini tena?"

"Nataka nipime."

Aliinua mahameli ya sanduku la ngozi, na chini yake akatoa karatasi iliyokuja na seti, ambayo Shemeji hakuwahi kuiona, pengine kwa sababu haikuwa na picha. Akaisoma, akaiambia mashine jina jipya na maungo mapya. Kisha akachukua vipande vya mpinzani wake na kuvifunga kwa mikono yake mwenyewe, kwa spana ileile ambayo haikuwahi kumkaza mgeni. Akafunga kipande cha cheti. Akasoma tarakimu, na bosi akaitafuta kwenye cheti.

Ilikuwa ileile. Mpaka ya mwisho.

Kisha shangazi alimfungua Mlafi wake kutoka kwenye kitambaa chake na kumfunga kwenye mashine. Mstari haukulala. Uliinuka, ukapinda, ukainuka tena. Miaka ya kukazwa na kufutwa kila asubuhi ilikuwa imemla ndani, pale pini inapogusa. Na kwa kuwa mashine ilifundishwa naye, iliamini kile anachorudisha Mlafi ndiyo maana ya kutorudisha kitu, na ikawasamehe wengine wote wenye kosa kama lake.

Shangazi alimfungua, akamweka kiganjani.

"Kumbe na wewe siku hizi unarudisha," akamwambia.

Kebo za Mama Mlingoti zikapimwa hapohapo kwa seti mpya, na zikarudisha, karibu zote. Bosi akamwambia Mama Mlingoti kwamba uchunguzi wa kina umethibitisha malalamiko yake. Mama Mlingoti akashukuru kwa kujulishwa. Akasema kebo zivishwe vichwa upya, na zipimwe na yule mama aliyejifunga bao mwenyewe, siyo mwingine. Akaondoka bila kupita tena kwenye kabati.

Lakini neno la bosi ni neno, hasa likiwa limetamkwa mbele ya watu. Mwenye seti akae na seti yake. Shemeji akaingiza sanduku la ngozi na kiti chake chenye magurudumu. Shangazi akachukua kikombe chake, mto wake wa kukalia na kisanduku cha mbao chenye Mlafi, akaenda bandani. Nilimbebea mto. Tulipofika mlangoni alisimama kidogo, akafunga mtandio puani, akaingia. Alikuwa hajakaa kitini kikohozi kilipoanza, na nilikisikia mpaka kwenye meza yangu, mchana kutwa. Katika chumba cha vipimo Shemeji hakupima kitu. Alikuwa amefunga vifungo vyote vya shati na kujifunika koti. Kebo zilirundikana mlangoni kwake, na yeye alisema anazisubiri zipoe.

Kilichomwokoa shangazi si haki. Haki ingemwacha kule. Kilichomwokoa ni tabia ya bosi.

Kesho yake asubuhi bosi aliingia chumba cha vipimo, akaitazama seti mpya, akatazama cheti, akatazama tena seti. Kitu kilichokubaliana na cheti mpaka tarakimu ya mwisho. Na Shemeji alikuwa amekiweka mezani, wazi, karibu na soda. Nilikuwa mlangoni na kebo, niliona uso wa bosi. Ulikuwa uso wa mtu anayeona mtoto mchanga amelazwa barabarani.

"Hii siyo ya kuchezea," akasema.

Akaifunga ndani ya sanduku lake, akaipeleka mapokezi, akaipanga kwenye kabati la kioo kando ya mkasi na kalamu. Kwa kuwa ufunguo ulikuwa bado uko salama, mlango ulirudishwa kwa bawaba zake na bisibisi yangu. Shemeji akauliza yeye sasa akae wapi. Bosi akamkumbusha kwa upole kwamba mwenye seti hukaa na seti yake. Kiti chenye magurudumu kikasukumwa mpaka mapokezi, mbele ya kioo, pale ambapo jua la mchana huingia mlangoni na kupigwa tena na kioo ili lisipotee bure. Akapewa cheo cha Mlezi wa Seti. Na kwa kuwa mashine haiwezi kukaa bila seti, na mashine haiwezi kwenda bandani, shangazi akaitwa arudi na kisanduku chake cha mbao.

Alirudi. Akaketi kwenye ubaridi, akavuta pumzi mpaka mabega yakashuka, akanywa maji. Kisha akafungua kisanduku, akamwona Mlafi, na furaha ikamtoka.

"Siwezi kupimia watu kwa mwongo ninayemjua," akaniambia. "Nilipokuwa simjui ilikuwa kitu kingine."

Nilidhani atarudi bandani kwa hiari yake, na nilikuwa tayari kumfungia mlango. Akanyoosha mkono na kusema nimpe bisibisi.

Bosi alikuwa ametoka. Mapokezi Shemeji alikuwa ameketi mbele ya kabati, mashati mawili ya jasho ndani ya shati moja, akilea seti. Alituona tukija. Aliona bisibisi, akaona kisanduku cha mbao mkononi mwa shangazi, na nina hakika alielewa, maana kwa jambo linalomhusu si mzito. Shangazi hakumficha. Akamwambia anataka kubadilisha vipande tu, masanduku yabaki yalipo.

Shemeji alifikiri, akajifuta shingo.

"Kuna swali moja la kitaalamu limekuwa likinisumbua," akasema. "Huwa linakuja mchana."

"Mlango utakuwa wazi," shangazi akamjibu. "Lakini usije na soda."

Akainuka, akatushikia kioo ili kisianguke wakati nafungua bawaba.

Tangu hapo kebo zetu zinapimwa na seti ya ng'ambo iliyovaa kisanduku cha mbao, na Mama Mlingoti hajarudisha hata moja. Bosi anasema hii inaonyesha kwamba tatizo lilikuwa mlingoti. Na wageni wakija, huwasimamisha mbele ya kabati na kuwaonyesha mahameli. Lazima nikiri Mlafi anapendeza mle ndani. Miaka ya kitambaa na spiriti imempa mng'ao ambao kitu kipya hakiwezi kuwa nao, na mimi nafuta kioo chake kila asubuhi ili aonekane vizuri.

Juzi mgeni mmoja, mzee makini mwenye miwani, aliinama akamchungulia kwa muda, kisha akamwuliza bosi kama kipande hicho kweli ni sahihi.

Bosi aliweka mkono kifuani.

"Tangu tukiweke humu," akasema, "hakijawahi kukosea."